Fundi Ndiye Aliyekuwa Akiona Njia

Kama uliwahi kusimama ufukweni Katonga siku za mbalamwezi ukawaona wale mume na mke wakiteleza juu ya viatu vya magurudumu, halafu ukarudi nyumbani ukasema, "Yule bwana anajua kumvuta mkewe," basi ulikosea. Usijisikie vibaya. Mji mzima ulikosea, na mimi niliyekaa na huyo mke ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja nilikosea kuliko wote, kwa sababu nililitamka kosa lenyewe kwa sauti, tena msibani. Ndiyo maana naandika. Mpaka leo kuna watu huko Gungu wanamsimulia huyu mama kana kwamba alikuwa mkia wa mtu, na mimi nimechoka kuwajibu mmoja mmoja.

Nitamwita Fundi, kama tulivyomwita sote. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, waulizeni wanaopenda hayo. Mimi nilimkuta tayari yuko pale barazani na cherehani yake ya miguu, pini tatu mdomoni, anazungumza huku zimo na hajameza hata moja. Nilikuwa nakaanga maandazi upande wa pili wa ukuta. Moshi wangu uliingia kwenye vitambaa vyake, nyuzi zake zikaingia kwenye unga wangu. Tuligombana wiki ya kwanza, tukapatana wiki ya pili, na tangu hapo hatukuwahi kununiana zaidi ya siku moja.

Nianze na ubaya wake, maana nikianza na uzuri mtasema nimehongwa. Fundi alikuwa mwongo wa tarehe. "Njoo Jumamosi," alimwambia kila mtu, na kila mtu alijua hakusema Jumamosi ipi. Kuna bibi harusi mmoja alikuja kuchukua gauni asubuhi ya harusi yenyewe, akalikuta halina mkono mmoja. Fundi hakuomba radhi. Alimwambia, "Livae tu, mwanangu, ukae hapo," akaushona mkono ule msichana akiwa ndani ya gauni, huku mashangazi wanalia nje kama kuna msiba. Lakini mtu huyo huyo, ukimwuliza kama nguo imekupendeza, atakuambia ukweli mpaka utamani kurudi nayo dukani. Pasaka moja nilivaa kitenge nilichokipenda sana. Akanitazama juu mpaka chini, akatoa pini mdomoni ili asikike vizuri. "Jirani, hicho kitenge kimekukataa."

Halafu aliogopa maji. Amekulia mwambao huu, amekula migebuka na dagaa wa ziwa hili maisha yake yote, na hajawahi kupanda hata mtumbwi. Akienda Katonga alikaa upande wa mlima. Ukimwambia, "Fundi, sogea huku upepo mzuri," alijibu kwamba upepo anaupata hapo hapo alipo. Mwanamke aliyekuwa akiruka na kuzunguka juu ya magurudumu manane aliogopa wimbi la kuoshea vyombo! Sikumwelewa, na sasa nimeacha kujaribu.

Viatu vyenyewe vilitoka kwenye mtumba. Mumewe aliuza viatu sokoni Mwandiga, na siku moja alifungua belo akakuta jozi mbili za magurudumu, kubwa na ndogo. Wenzake walimcheka mpaka wakakaa chini. Kigoma hii ya milima, nani atavaa gurudumu? Ukivifunga kule juu Mwanga, utavifungulia huku chini bandarini! Alivitandika mezani mwezi mzima, watu wakavipapasa na kuvirudisha, mwisho akavibeba nyumbani kwa hasira. Vile vidogo vilimbana Fundi vidole. Mtu mwingine angeviacha. Yeye alichukua kisu, akavipasua mbele, akashonea kiraka cha jinzi, na jioni ile ile nikasikia kishindo upande wa pili wa ukuta, kisha kicheko, kisha kishindo kingine. Nilidhani wanapigana. Nilikwenda kugonga mlango niwaamue.

"Hatupigani, jirani," mumewe alifungua mlango akiwa amejishika kiuno. "Tunajifunza."

Pa kuchezea palipatikana Katonga, kwenye ile sakafu ndefu ya saruji wanayoanikia dagaa. Siku za giza huwezi kuweka hata kidole pale, ni dagaa tupu, na akina mama wanaogeuza wakikuona umekanyaga watakutukana mpaka babu yako. Lakini mbalamwezi ikiingia, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na sakafu inabaki wazi siku kadhaa kila mwezi. Basi Fundi, ambaye hakuwahi kuijua tarehe ya mteja yeyote, aliijua miandamo ya mwezi kuliko wavuvi. Siku hizo alifunga cherehani saa tisa, akaswali alasiri, akavaa suruali pana na gauni lililoishia chini kidogo ya magoti, alilolikata mwenyewe lisiingie kwenye magurudumu, na mtandio aliubana kwa pini nne. Mzee mmoja wa Ujiji aliwahi kumsimamisha njiani kumwuliza kama huo ndio mwendo wa mke wa mtu.

"Shikamoo, Mzee," alimjibu. "Mimi nimejisitiri. Wanao wanacheza mpira na kaptula, umeshawauliza?"

Mzee akaitikia marahaba, akaenda zake.

Sasa niseme walivyokuwa, ingawa sina majina ya ile mitindo. Walishikana mikono yote miwili, wanatazamana. Mume alikwenda kinyumenyume, mke anakwenda mbele. Walianza polepole kama watu wanaovuka ukumbi wasimwamshe mgonjwa, kisha kasi ikaongezeka, wakafika mwisho wa sakafu ukadhani wanaingia kwenye mitumbwi, wakakata kona kwa pamoja bila hata mmoja kufungua mdomo. Mara nyingine waliachiana mkono mmoja, mume akawapungia watazamaji. Alipenda sana kupunga. Wavuvi walimwita Dereva. Akina mama waliacha ndoo zao, na bodaboda walizima pikipiki. "Oya, huyu Dereva noma!" walipiga kelele. Mimi niliuza maandazi na kuona fahari kana kwamba ni mimi niliyewazaa. Nilikuwa nawapenda. Niliwapenda kwa sababu hawakuwa na mtoto na hawakuomba huruma ya mtu, na kwa sababu katika mtaa ambao mume na mke hutembea mmoja mbele mwingine nyuma hatua kumi, wao walitazamana usoni mbele ya watu na hawakuona haya.

Lakini fikiri kidogo, wewe msomaji, jambo ambalo sisi wote hatukulifikiri. Mtu anayekwenda kinyumenyume anaona nini?

Mumewe alikufa hajafika miaka arobaini. Ilikuwa homa. Jumatatu alikuja kununua maandazi akanitania kwamba yamepungua ukubwa, Alhamisi tulimzika Ujiji. Siku ile nilikuwa uani na akina mama wenzangu tunakata vitunguu, na kila mtu alikuwa anasema la kusema, nami nikasema langu: "Maskini Fundi. Sasa nani atamwongoza?" Nililisema kwa huruma, Mungu ananijua. Dirisha la chumba alichokaa lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Nilipoinua macho nilimwona anavyonitazama, kisha akageuza uso. Nililia nikasingizia vitunguu.

Haikupita wiki maneno yakaanza. Eti ni vile viatu. Vimetoka nje huko, nani anajua aliyevivaa kwanza, vina majini, ndivyo vilivyomchukua. Watu waliompigia makofi Katonga ndio hao hao. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyaamini yale maneno au aliyahitaji, sijui, maana mtu akifiwa na kaka hutafuta pa kuuweka uchungu. Siku ya arobaini, walipokuwa wanagawa nguo za marehemu, alisimama nje ya pazia la chumba akatangaza kwamba viatu vya magurudumu, jozi zote mbili, vitolewe vikatupwe ziwani kabla ya magharibi.

Nilikuwemo mle ndani. Fundi alikuwa edani, amekaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, kimya siku arobaini. Pembeni yake, juu ya kigoda, amekaa mama mkwe wake, bibi mkali ambaye tangu mwanzo aliuchukia ule mchezo na aliusema waziwazi. Wanawake wakaanza kufunua masanduku. Fundi akainyoosha miguu yake taratibu, akapandisha upindo wa nguo. Alikuwa amevivaa. Kamba zimefungwa mpaka kwenye fundo la mwisho.

"Vyangu ni hivi," alisema kwa sauti ya kufika nje. "Shemeji, mimi niko eda. Kama kuna mwanamume wa kuingia humu kunivua viatu, na aingie."

Hakuna aliyeligusa pazia. Nyinyi mnaosema kwamba mila humfunga mwanamke, mngekuwepo mkaona mwanamke anavyoweza kujifungia ndani ya mila na kuondoka na ufunguo.

Shemeji akakohoa. "Na vya marehemu?"

Tukatazamana. Masanduku yote yalikuwa wazi na viatu havimo. Mama mkwe hakuinuka kwenye kigoda chake. Alijitandaza kanga vizuri, kushoto na kulia.

"Nimevikalia," alisema yule bibi. "Na leo miguu yangu haina nguvu ya kusimama. Mwanangu nimemzika mara moja, inatosha. Wewe nenda ukagawe mashati."

Sijawahi kumpenda bibi kama nilivyompenda yule siku ile. Fundi alimlalia begani, wakalia wote wawili kwa mara ya kwanza, na sisi wengine tukajifanya tunakunja nguo.

Alikaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, hakuiba hata siku moja. Hapo ndipo watu hawakumwelewa: walitaka ama aidharau mila wamtukane, ama aifuate na kuacha viatu. Yeye alifanya yake. Alitoka eda, akasubiri mbalamwezi, akashuka Katonga. Nilikwenda naye na beseni langu. Watu walijaa kuliko siku yoyote, na hawakuja kwa wema. Fundi akafunga kamba, akasimama, akanyoosha mikono mbele kama alivyozoea, akaanza. Akafika katikati akaanguka kifudifudi.

"Mawe, mama yangu!" mama mmoja wa dagaa alishika mdomo. "Si nilisema? Hana wa kumwongoza."

Fundi aliinuka na damu kwenye kiganja. Hakumtazama yule mama, alinitazama mimi.

"Jirani," alisema, "na wewe ulisema hivyo hivyo, siku ya msiba. Sasa nisikilizeni wote. Yule alikwenda kinyumenyume. Alikuwa na macho kisogoni? Mimi ndiye niliyekuwa naona njia. Kila kona mliyoipigia makofi niliikata mimi."

Akatueleza mbele ya wote. Ilikuwa kazi ya vidole. Akimbonyeza mumewe kwa kidole gumba, wanakata upande wa ziwa. Akimbonyeza kwa kidole cha mwisho, upande wa mlima. Kiganja kizima, simama. Kulia na kushoto walivijaribu vikawaangusha, kwa kuwa mkitazamana kulia kwangu ni kushoto kwako, na mkizunguka ndiyo mnapotea kabisa. "Ziwa halihami," alisema. Mumewe alipenda kuitwa Dereva, basi akamwachia hilo jina. "Jina alichukua yeye, usukani nilishika mimi, na nyumbani tulicheka sana. Sikuanguka kwa kukosa wa kuniongoza. Nimeanguka kwa sababu mikono yangu imezoea kusema, na leo haina wa kumwambia."

Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya beseni na watu. Akasema, "Nipe andazi kwanza." Akalila lote, akafuta damu kwenye suruali, akarudi sakafuni. Alianguka mara nne siku ile. Ya tano hakuanguka.

Toka hapo alicheza peke yake, kila mbalamwezi, miaka. Alikwenda mbele tu, mkono wa kushoto ameutanguliza kidogo. Kuna waliosema amerukwa na akili, anamshika mzimu. Kuna shangazi zake waliomletea wachumba wawili, mmoja ana duka kubwa, akawapima wote wawili suruali akawaambia waje Jumamosi. Vijana wa mjini walikuja na simu kumpiga video, wengine wakaleta skeiti zao za kisasa, akawafundisha wasichana watano au sita, kwa ukali ule ule wa kitenge changu. "Anayeogopa kuanguka na atembee kwa makalio," aliwaambia. Lakini walipomwomba awafundishe kwenda kinyumenyume alikataa kata kata.

"Hiyo siijui. Hiyo ilikuwa ya mwenyewe."

Mimi nilidhani ni heshima kwa marehemu.

Baadaye nilihamia Mwandiga kwa binti yangu, magoti hayakutaka tena kuinamia jiko. Tulionana misibani na harusini. Mama mkwe wake alifariki, naye ndiye aliyemwuguza mpaka mwisho, kisha nikasikia Fundi mwenyewe amepunguza kushona, macho. Mwaka huu, siku ya pili ya mbalamwezi, alinipigia simu. Hakusalimia sana. "Shuka Katonga alasiri. Vaa viatu vya chini."

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa sakafu, mvi zimemtoka mbele ya mtandio, anajaza vipande vya vitambaa ndani ya viatu vya magurudumu. Nikavitambua. Vilikuwa vile vikubwa.

"Fundi, hivyo si..."

"Ni hivyo. Bibi aliniachia. Aliniambia, visikae tu." Alifunga kamba, akafungua, akafunga tena. "Jirani, nataka kwenda kinyumenyume."

"Si ulisema ni ya mwenyewe?"

"Nilidanganya," alisema. "Niliogopa. Mimi nilikuwa naona njia miaka yote, yeye haoni kitu, na hakuwahi kuniuliza hata mara moja tunaelekea wapi. Anapunga tu watu. Mimi nisingeweza. Nimekaa na hilo tangu afe, jirani: kwamba kazi ngumu ilikuwa yake, na sikumwambia."

Nilimpa mikono yangu, hii iliyoungua mafuta.

"Sijui kuteleza," nikamwambia.

"Utatembea. Usinivute, usinisukume. Niangalie njia tu."

Akasimama, mgongo ameupa sakafu nzima, akafumba macho kabisa. Nikaanza kutembea, naye akarudi nyuma mbele yangu, magurudumu yakilalamika. Mwanzoni alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Kulikuwa na rundo la nyavu katikati, nikambonyeza kwa kidole cha mwisho, akakata upande wa mlima tukalipita. Uso wake ukalegea. Nikaongeza hatua. Nikajikuta nakimbia, mimi, mwanamke wa magoti mabovu, nakimbia juu ya sakafu ya dagaa na ninacheka. Mabodaboda walizima pikipiki, kama zamani.

"Yemwe, jamani!" mama mmoja wa dagaa aliita kutoka kwenye mitumbwi, na alikuwa wa umri wa kutosha kukumbuka. "Fundi! Unamvuta mama wa watu hivyo? Angalia, utamwangusha!"

Fundi hakufumbua macho.

"Mwambieni yeye," alijibu. "Macho anayo yeye."

Mwisho wa sakafu ulikuwa unakaribia, na upande wa mlima pamejaa watu. Nikambonyeza kwa kidole gumba, naye bila kuuliza akageukia ziwani.